Mzigo wa Mwenzio: Habari za Kazi na Mashini katika Nchi ya Butembo na Beni

Watu wengi siku hizi wanauliza kama mashini zitawanyang'anya kazi yao. Swali hilo linaulizwa Ulaya na Marekani, na linaulizwa hata kwetu, ambako mama bado anatwanga muhogo kwa mikono yake huku mwanawe anatuma fedha kwa simu. Wako wanaojibu kwamba mashini ni baraka tupu. Wako wanaojibu kwamba ni balaa tupu. Katika makala haya hatutabishana na hawa wala wale. Tutatazama nyuma, tuone mashini zilipofika katika nchi yetu zilifanya nini hasa.

Ili tusipotee njia tutafuata kitu kimoja tu, yaani mzigo. Kila zama tutauliza: mzigo ulibebwa na nani? Mashini ilipokuja, nani alituliwa? Na nani alitwikwa? Maana wazee walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulio juu ya kichwa cha mwingine huonekana mwepesi sana kwa yule asiyeubeba.

1. Zamani za kichwa na mgongo

Kabla ya barabara, kila kitu kilichosafiri katika nchi yetu kilisafiri juu ya mwili wa mtu. Chumvi ilitoka Katwe, ng'ambo ya Ziwa Edward, katika nchi iitwayo leo Uganda. Ilivushwa ziwa kwa mitumbwi, kisha ikapanda milima mpaka kwa Wanande, waitwao pia Wayira. Kila mpando ulipandwa kwa miguu, na chumvi ilikuwa mgongoni. Ng'ombe na punda hawakuweza kusaidia sana, kwa sababu katika bonde la Semliki na mwituni mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo mnyama wa mizigo alikuwa mtu.

Tena tuseme kweli: mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke. Kuni, maji, ndizi na muhogo vilibebwa na mama mgongoni, kamba ikapita juu ya paji la uso. Hakuna aliyeuita huo upagazi, na hakuna aliyelipa mshahara. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu mizigo hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kutuliwa, na mahali pengi haijatuliwa hata leo.

Serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ilipoitawala Kongo, tangu 1885 mpaka 1908, upagazi ukawa amri. Vitu vya wakubwa, risasi, mahema na masanduku viliwekwa juu ya vichwa vya wanakijiji. Hata wakubwa wenyewe walibebwa katika kipoyi, kiti cha miti kinachochukuliwa mabegani mwa watu. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, upagazi haukuisha. Katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kivu yakaingia Afrika ya Mashariki ya Wadachi na kuuteka mji wa Tabora mwezi wa Septemba 1916. Vitabu hutaja majina ya majenerali. Lakini chakula na risasi vilifika Tabora juu ya vichwa vya wapagazi wengi mno, na wengi wao hawakurudi makwao.

Mwaka uliofuata, 1917, ikatoka amri nyingine: kila mwanakijiji aliweza kulazimishwa kulima mazao yaliyotakiwa na serikali, mpaka siku 60 kwa mwaka. Mazao hayo nayo yalipaswa kuchukuliwa. Basi mtu alilima kwa amri, kisha akabeba kwa amri yale aliyoyalima kwa amri.

2. Barabara na motokaa

Mwaka 1923 iliundwa kampuni ya madini iliyoitwa kwa Kifaransa Minière des Grands Lacs. Ilitafuta dhahabu na madini mengine katika milima na misitu ya Kivu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ikafanya kituo chake Butembo, na kwa upande wa magharibi ikachimba dhahabu Manguredjipa. Mji wetu wa Butembo ulianza kukua wakati huo. Haukuanza kama mji wa mfalme wala boma la askari. Tangu mwanzo ulikuwa mji wa kazi, wa ghala na wa soko. Mapadre wa shirika la Assomption nao walifika katika nchi hii mwaka 1929, na mwaka 1938 ikawa Vikarieti ya Kitume ya Beni.

Pamoja na migodi na misheni zilikuja barabara, na pamoja na barabara likaja lori, liitwalo kwetu kamyo. Hapo mpagazi alituliwa. Lori moja liliweza kuchukua mzigo wa watu mia na zaidi, wala halikuhitaji kulala njiani siku nyingi. Mzee aliyewahi kubeba kipoyi hakulililia kipoyi. Mashini hiyo ilikuwa wema, nasi tusione haya kuisifu.

Lakini tazama sasa upande wa pili. Barabara haikushuka kutoka mbinguni. Ilichimbwa kwa jembe na sururu na mikono ya watu, mara nyingi kwa kazi ya lazima. Njia inayoshuka ukingo wa Kabasha kwenda bonde la Rwindi imekatwa katika ubavu wa mlima, kona juu ya kona, nayo inasifiwa na wasafiri kwa uzuri wake. Kila kona ni siku za kazi za watu ambao majina yao hayakuandikwa. Na mvua za kwetu ni nyingi; barabara ya udongo isipotunzwa mwaka mmoja hufa. Kwa hiyo mzigo uliotoka kichwani mwa mpagazi haukupotea. Sehemu yake ilihamia mikononi mwa mchimba barabara.

Hapa ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza neno ambalo historia yetu italirudia: mashini humtua mmoja, na asipoangaliwa mtu, humtwika mwingine.

3. Lori lilipokwama, chukudu ikazaliwa

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Mahali pengi maduka yalifilisika kwa muda mfupi, vipuri vikakosekana na barabara zikaharibika. Serikali iliita watu kwenye salongo, kazi ya pamoja ya lazima, lakini salongo haikutosha kuziponya barabara.

Wakati huo Butembo ilifanya jambo la ajabu kidogo. Wafanyabiashara wake hawakungoja msaada wa Kinshasa. Walinunua maharagwe, viazi na mboga milimani, wakapakia lori na kwenda Kisangani, zaidi ya kilomita 700 katika mwitu. Njia ikiwa mbaya, lori liliweza kukaa wiki nzima katika tope, na mboga zikaoza. Kutoka Kisangani mizigo mingine ilishuka mto mpaka Kinshasa. Bwana Vwakyanakazi Mukohya aliandika mwaka 1982 uchunguzi mkubwa wa chuo kikuu juu ya wafanyabiashara wa Butembo tangu 1960 mpaka 1980, na tangu hapo wataalamu wengi wa nje wamekuja kuutazama mji huu na kuuliza: umewezaje? Wafanyabiashara walichanga fedha zao kutengeneza njia, na Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo hili tangu 1966 mpaka 1997, aliwahimiza watu wajitegemee.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970 ilionekana katika Kivu ya Kaskazini mashini isiyotoka Ulaya wala Asia. Ni chukudu. Mgeni akiiona mara ya kwanza hucheka, halafu akiona kazi yake huacha kucheka. Ni baiskeli ya mti isiyo na pedeli: ubao mrefu, usukani wa mti na magurudumu mawili ya mti mgumu yaliyovikwa utepe wa mpira kutoka matairi makuukuu. Kwenye mteremko mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao, hushuka kwa kasi, na hupunguza mwendo kwa kukanyaga kipande cha mpira kinachokaza gurudumu la nyuma. Kwenye mpando hushuka na kusukuma. Chukudu moja hubeba mamia ya kilo za viazi, makaa au mbao. Haili petroli, na ikivunjika fundi wa kijijini huitengeneza siku ileile. Mwaka 2009 mji wa Goma ulisimamisha sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu ya mtu akiendesha chukudu. Miji mingi huweka sanamu za majenerali. Goma uliweka sanamu ya mchukuzi.

Chukudu inatufundisha jambo moja. Mashini hiyo ilitungwa na wale wale waliobeba mzigo. Kwa hiyo haikumfukuza mbebaji kazini. Ilimwacha awe mwenye chombo, akachukua mara nne au tano ya mzigo wake wa zamani, na faida ikabaki mkononi mwake. Aliyeitengeneza alikuwa jirani yake, na fedha ikazunguka kijijini. Mashini za namna hiyo ni chache duniani.

4. Sanduku la chuma

Sasa twende mbali kidogo, halafu tutarudi Kasindi. Tarehe 26 Aprili 1956 meli moja iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston. Juu yake palikuwa na masanduku makubwa ya chuma 58. Mwenye shauri hilo alikuwa Malcom McLean, mtu wa biashara ya malori. Zamani kila gunia na kila kasha lilipakiwa melini kwa mikono ya makuli, na meli ilikaa bandarini siku nyingi. McLean alifikiri hivi: kwa nini tusiinue sanduku zima, kutoka lori mpaka meli, bila kulifungua? Ndiyo asili ya kontena.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Bei ya kusafirisha vitu baharini ilishuka sana. Katika bandari za Ulaya na Marekani makuli kwa maelfu walikosa kazi, kwa sababu winchi moja na watu wachache walifanya kazi ya kikosi kizima. Gati za zamani za London zilifungwa moja moja. Huko kuli alituliwa mzigo, lakini pamoja na mzigo alitolewa mkate.

Kwetu kontena lilileta jambo jingine. Mfanyabiashara wa Butembo, ambaye zamani alikwenda Kisangani na Kampala, sasa aliweza kupanda ndege kwenda Dubai, Hong Kong au Guangzhou, akanunua vitenge, pikipiki, betri, sahani na redio, akajaza kontena, akarudi nyumbani kulingoja. Sanduku hushuka Mombasa, hupita Nairobi na Kampala, na baada ya zaidi ya kilomita 1,500 za barabara hufika mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Mtu asiyeujua mji huu hushangaa kukuta vitu vya dunia nzima katika maduka ya Butembo, mji ambao kwa miaka mingi ulikosa umeme wa serikali na ulikesha kwa sauti za jenereta.

Faida yake tunaijua. Mama aliyebeba maji katika mtungi mzito wa udongo sasa hubeba dumu jepesi la plastiki. Pikipiki humfikisha mgonjwa hospitali usiku. Vijana wengi wasio na shamba wamepata riziki kwa kuendesha pikipiki za abiria. Lakini mfinyanzi na mhunzi wa kijiji walikosa wanunuzi. Ni nani aliyemwendea mfinyanzi kumwambia, “Ndugu, kazi yako inakwisha, njoo tukuonyeshe nyingine”? Hakuna. Bei ndiyo iliyomwambia, siku ya soko, aliporudi nyumbani na mitungi yake yote.

Tena angalia mwisho wa safari. Kontena lililovuka bahari bila kuguswa na mkono wa mtu, likainuliwa kwa winchi na kuvutwa kwa trela, linafika Butembo na kufunguliwa. Nani hulipakua? Vijana, kwa migongo yao. Mashini imebeba mzigo nusu ya dunia, na hatua za mwisho zimebaki kwa mtu, kwa malipo ya siku. Mashini hufika kwanza pale ambapo mkono wa mtu ni wa bei ghali. Pale ambapo mkono ni wa bei rahisi, hungojwa. Tusiseme basi kwamba mtu wa kwetu amebaki bila mashini kwa sababu ni mvivu wa kufikiri. Amebaki bila mashini kwa sababu mgongo wake unahesabiwa kuwa wa bei nafuu kuliko chuma.

5. Simu na kilicho ndani yake

Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya madini yaitwayo koltani ilipanda mara kadhaa kwa ghafula katika soko la dunia. Katika koltani hutolewa tantali, chuma kinachotumiwa kutengeneza vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Ulaya, Marekani na Asia walitaka simu. Kivu ilikuwa na koltani, na ilikuwa vitani. Wakulima waliacha jembe, wanafunzi waliacha shule, wakaenda kuchimba. Wenye bunduki wakatoza ushuru kwenye mashimo na njiani. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Walioacha mashamba walirudi wakakuta magugu.

Basi chombo chepesi kuliko vyote, kinachokaa katika kiganja cha mkono, kilikuwa na mzigo mzito nyuma yake. Mfano mkubwa ni Bisie, katika Walikale, jimboni humu humu kwetu. Tangu 2002 watu walichimba huko mawe ya bati kwa nyundo na patasi. Hapakuwa na barabara. Mifuko ya kilo 50 ilibebwa na watu kwa miguu katika mwitu, safari ya siku mbili hivi. Ilikuwa miaka ya simu na kompyuta duniani, lakini katika njia ya Bisie ilikuwa bado zama za upagazi.

Kisha kampuni ya Alphamin ilijenga mgodi wa mashini, ukaanza kutoa bati mwaka 2019. Barabara ilikatwa, njia za chini ya ardhi zikachimbwa kwa mitambo. Mbebaji wa mifuko ya kilo 50 alituliwa. Hakuna mwenye huruma atakayetaka watu warudi katika mashimo yale yaliyokuwa yakiporomoka. Lakini wachimbaji wa mkono walilazimika kuondoka, na mgodi wa mitambo hauwezi kuajiri umati ule uliokuwa ukiishi kwa nyundo. Swali la mfinyanzi linarudi: aliyetuliwa amepewa nini afanye?

Simu yenyewe, baada ya kufika mkononi mwetu, imetenda mema mengi. Kampuni ya Vodacom ilianza kazi Kongo mwaka 2002, na mwaka 2012 ilileta M-Pesa, ambayo Kenya ilikuwa imeianza tangu 2007. Zamani mwenye duka aliyesafiri alificha noti katika nguo na kusali asikutane na wenye silaha njiani. Sasa fedha hupita hewani. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa katika vijiji vya Beni, na mara nyingi njia za kwenda mashambani zimekuwa za hatari. Katika siku za namna hiyo kutolazimika kubeba fedha ni neema. Tena kwenye kila kona amekaa kijana mwenye kimeza na mwavuli, akipokea na kutoa fedha za simu, na karibu naye fundi anafungua simu zilizokufa na kuzifufua. Kazi hizo hazikuwako miaka 30 iliyopita.

6. Mashini isiyolala

Maji ya milima yetu yalishuka bure kwa karne nyingi. Mwaka 2013 Hifadhi ya Virunga ilifungua mtambo mdogo wa umeme wa maji Mutwanga, chini ya mlima wa Ruwenzori. Mwaka 2015 ukafuata mtambo wa Matebe, katika Rutshuru, wa megawati 13. Baadaye ukajengwa mwingine Luviro, katika Lubero, nchi inayouzunguka mji wa Butembo.

Umeme wa Mutwanga umetumika kwa kiwanda cha sabuni inayotokana na mawese ya wakulima. Huko huko imetengenezwa chokoleti kwa kakao ya Beni. Wakulima wengi wa upande huo walipanda kakao baada ya ugonjwa wa kunyauka kuikausha mibuni yao. Zamani kakao na mawese viliondoka vikiwa ghafi, na kazi ya kuvigeuza, yenye faida kubwa, ilifanywa mbali. Hapa mashini haikuondoa kazi kwetu. Iliirudisha.

Luviro pakatokea jambo jingine. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona uliwazuia watalii, hifadhi ikakosa fedha za kuwalipa walinzi wake. Mtambo ulikuwa na umeme, na waya za kuupeleka kwa wateja wa kutosha zilikuwa hazijaenea. Basi pembeni ya mtambo yaliwekwa makontena, yale yale masanduku ya chuma ya McLean, lakini ndani yake hamkuwa na vitenge. Zilikuwamo kompyuta. Mwanzoni mwa 2023 iliandikwa kwamba makontena yalikuwa 10, kila moja na kompyuta kwa mamia. Kazi yake ni kupiga hesabu mchana na usiku kwa ajili ya fedha ya kompyuta iitwayo Bitcoin. Mwenye kompyuta hulipwa kwa fedha hiyohiyo. Watu wanaozitunza ni wachache. Mashini hizo hazili, hazilali, wala haziulizi mshahara.

Je, ni vizuri au ni vibaya? Wasimamizi wa hifadhi walisema kwamba umeme usiouzwa ni maji yanayopotea, na kwamba fedha zake ziliwalipa walinzi ambao wanakufa wakiulinda mwitu. Neno hilo lina uzito. Wengine walijibu kwamba si haki kompyuta kushiba umeme huku vijiji vya jirani vinapika kwa makaa na kusoma kwa mshumaa. Neno hilo nalo lina uzito. Sisi tunaona kwamba mto mmoja umezaa mashini mbili: moja inageuza mawese kuwa sabuni na kuita mikono ya watu, nyingine inageuza maji kuwa hesabu na kuwahitaji watu wachache. Ikiwa ya pili inalipia waya zitakazofikisha umeme kwenye kinu cha kusagia, itakuwa mtumishi. Ikiwa inabaki yenyewe kwa yenyewe, mama atazidi kutwanga huku akisikia mashini inavuma ng'ambo ya mto.

7. Kazi ambayo mashini haiwezi

Mambo haya Kanisa limeyafikiri kwa muda mrefu. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika juu ya haki za wafanyakazi katika barua Rerum Novarum ya mwaka 1891, wakati viwanda vya Ulaya vilipokuwa vikiwasaga watu. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyekuwa ametembelea Kisangani mwaka uliotangulia, aliandika Laborem Exercens. Alifundisha kwamba kazi imewekwa kwa ajili ya mtu, na kwamba mashini ni rafiki wa mfanyakazi lakini huweza kugeuka adui yake, ikimnyima kazi au ikimfanya mtumwa wake. Naye Papa Leo wa Kumi na Nne, siku chache baada ya kuchaguliwa mwezi wa Mei 2025, aliwaambia makardinali kwamba alichagua jina hilo kwa kumkumbuka Leo wa zamani, kwa sababu dunia ina mapinduzi mengine ya kazi, ya akili bandia.

Lakini hatuna haja ya kwenda Roma kutafuta mfano. Yuko wa jimboni kwetu. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani, kazi ile ile inayofanyika Kasindi kila siku. Ililetwa shehena ya vyakula vilivyoharibika. Alipewa fedha ili aipitishe. Alikataa, kwa sababu alijua nani watakaokula. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma.

Leo kuna vyombo vya kupima chakula upesi kuliko macho ya mtu. Siku moja vitakuwako kwenye kila mpaka, na itakuwa vema. Chombo kitasema: chakula hiki kimeoza. Lakini baada ya chombo kusema, lazima awepo mtu wa kukataa bahasha. Mzigo huo haukutuliwa na lori, wala kontena, wala simu, wala hautatuliwa na kompyuta.

8. Tufanyeje basi?

Ndugu msomaji, mashini mpya ikifika katika mtaa wako au katika kikundi chako, usiikimbie, wala usiishangilie kabla ya kuuliza maneno matatu. La kwanza: inamtua nani? Ikiwa inamtua mama anayetwanga au kijana anayebeba gunia mwituni, ni njema. La pili: inamtwika nani? Tazama mpaka mwisho wa njia, hata kwenye shimo la madini na kwenye mgongo wa mpakuzi. La tatu: aliyetuliwa atafanya nini kesho? Swali hilo la tatu ndilo lililosahauliwa kwa mfinyanzi, na kwa kuli wa London, na kwa mchimbaji wa Bisie.

Na jibu la swali la tatu halitoki mbali siku zote. Kikundi cha akiba cha kina mama kinaweza kununua kinu cha mashini kikawa mali yao, wasiwe wateja tu wa mwenye kinu. Vijana wa jumuiya wanaweza kumpeleka mwenzao mmoja kujifunza ufundi wa umeme, naye akirudi awafundishe wawili. Mwenye duka anayeleta kontena la pikipiki anaweza kuweka pembeni ya duka lake fundi na wanafunzi wake. Watu waliochanga fedha kutengeneza barabara zao wenyewe wakati nchi nzima ilipokwama hawashindwi na hayo.